Somo la 9: Kasoro ya Tangu Tumboni

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Yoh. 9:1–7, Zab. 139:13–16, Rum. 8:20–23, 1 Sam. 1:1–20, Isa. 38:1–5, 21, Mwa. 25:20–26, Mwa. 35:16–20, Luka 1:5–7, Isa. 56:3–5.

Fungu la Kukariri: Yohana 9:3. Likariri kutoka katika Biblia yako.

Harusi ikipita mwaka mmoja, mawifi huanza kuuliza. Ikipita miaka mitatu, mama mkwe huacha kuuliza, na kimya chake huumiza kuliko maswali. Kisha mimba huingia, na kabla ya mwezi wa tano hutoka. Ikitoka na ya pili, mtaa huwa na majibu tayari: amefungwa kizazi, amelogwa, alitoa mimba akiwa shuleni. Kanisani majibu huvaa nguo nyingine lakini ni yale yale: kuna dhambi hajaitubu, au imani yake ni haba.

Kwa baadhi ya wanawake hao, ukweli hujulikana siku ya kipimo. Mfuko wa uzazi una umbo tofauti na la wengine, na umekuwa hivyo tangu kabla hawajazaliwa. Somo la juma hili linatazama jambo hilo kwa nuru ya Maandiko: chanzo chake, maneno yanayojeruhi na yanayoponya, nafasi ya daktari, na tumaini linalobaki hata mikono ikibaki mitupu.

*Jifunze somo la juma hili kwa maombi, ukijiandaa kwa ajili ya Sabato.*

JUMAPILI: Swali la Wanafunzi

*Soma Yohana 9:1–3. Wanafunzi waliona sababu mbili tu za upofu wa mtu yule. Ni zipi, na Yesu alizijibuje?*

Swali lao lilikuwa na tatizo ambalo hawakuliona. Mtu huyu alizaliwa kipofu. Kama upofu ulikuwa adhabu ya dhambi yake mwenyewe, aliitenda lini? Yesu alizikataa sababu zote mbili, ya mtoto na ya wazazi, kisha akaigeuza mioyo yao kutoka kutafuta mkosaji hadi kuitazama kazi ya Mungu.

Mwanamke mwenye mfuko wa uzazi wa umbo tofauti yuko katika hali kama ile. Mtoto wa kike akiwa bado tumboni mwa mama yake, katika miezi ya mwanzo ya mimba, huwa na mirija miwili midogo. Sehemu za chini za mirija hiyo hukaribiana na kuungana, kisha ukuta ulio katikati huyeyuka, na kubaki chumba kimoja chenye umbo la peasi iliyopinduliwa. Sehemu za juu zisizoungana ndizo zinazokuwa mirija ya uzazi. Mirija isipoungana kabisa, mwanamke huwa na mifuko miwili. Ikiungana nusu, mfuko huwa na pembe mbili, kama umbo la moyo. Ukuta usipoyeyuka, chumba hugawanyika. Mrija mmoja usipokua, mfuko huwa wa upande mmoja tu, na mara nyingine figo ya upande ule mwingine nayo hukosekana.

Jambo hili si la ajabu kama linavyodhaniwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba takriban wanawake 5 au 6 kati ya 100 wana umbo tofauti la namna fulani, na miongoni mwa waliowahi kupoteza mimba ni takriban 13 kati ya 100. Wengi wao huzaa bila kujua kamwe. Mwaka 2019, nchini Bangladesh, mwanamke mmoja alijifungua mtoto, na siku 26 baadaye akajifungua mapacha kutoka katika mfuko wa pili ambao hakujua kuwa anao.

Makovu na uvimbe huweza kuja baadaye maishani. Hayo ni mambo mengine. Lakini pembe mbili, mifuko miwili au ukuta wa katikati haviletwi na ujana wa mtu, wala na mganga, wala na jicho la jirani.

*Kwa nini watu hupenda zaidi kumtafuta mkosaji kuliko kukaa karibu na anayeumia?*

JUMATATU: Macho Yaliyoona Kwanza

*Soma Zaburi 139:13–16 na Warumi 8:20–23. Mafungu haya mawili yanasema nini kuhusu mwili wa mwanadamu? Yanapatanaje?*

Zaburi hii husomwa kwa furaha mtoto anapowekwa wakfu. Mwanamke aliyetoka kupewa majibu ya altrasaundi huweza kuisoma kwa machozi. Kama Bwana ndiye aliyemuumba tumboni mwa mama yake, mbona mfuko wake wa uzazi uliachwa hivi?

Swali hilo si kufuru, na Biblia hailizimi kwa jibu jepesi. Paulo anaeleza kwamba viumbe vyote vinaugua, na kwa kuugua huko anachagua mfano wa mwanamke mwenye utungu wa kuzaa. Anaongeza kwamba hata waliopokea Roho wanaugua wakingojea ukombozi wa mwili. Hasemi kwamba waaminifu wameondolewa katika kuugua huko. Dhambi iliyoingia katika Edeni imegusa miili yote, macho ya mmoja, moyo wa mwingine, kizazi cha mwingine, na haigawi madhara yake kwa kufuata nani ni mwema zaidi.

Zaburi nayo haidai kwamba kila mwili hauna kasoro. Inatangaza kwamba hakuna mwili ambao Mungu hakuuona. Mtunzi anashangaa kwamba macho ya Bwana yalimwona akiwa bado hajakamilika. Kwa hiyo kile ambacho daktari amekigundua leo, Mungu alikijua tangu mwanzo, na kwa kujua huko hakumtupa binti yake. Alimpenda akiwa na mwili huo huo, akamwita kwa jina, akamtoa Mwana wake kwa ajili yake.

*Ni kuugua gani katika mwili wako mwenyewe kunakokufanya uutamani ujio wa Yesu?*

JUMANNE: Hana na Watu Waliomzunguka

*Soma 1 Samweli 1:1–18. Penina, Elkana na Eli kila mmoja alimtendeaje Hana?*

Andiko linasema wazi kwamba Bwana alikuwa amelifunga tumbo la Hana. Wengi wamelichukua neno hilo na kumbandika kila mwanamke asiye na mtoto. Lakini habari hiyo haimpi mtu ruhusa ya kumtangazia jirani yake hukumu. Haitaji dhambi yoyote ya Hana. Aliyekuwa na watoto ni Penina, naye ndiye aliyemchokoza mwenzake mwaka baada ya mwaka. Wingi wa watoto haukuwa kipimo cha utauwa.

Elkana alimpenda mkewe, akampa sehemu maradufu. Hata hivyo alipomwona akilia alimuuliza kama yeye hakuwa bora kwake kuliko wana kumi. Alitaka kufariji, lakini swali lake lilimtaka Hana aache kulia ili mume ajisikie vizuri. Eli naye, kuhani mwenye miaka mingi madhabahuni, alimwona mwanamke akisali bila sauti akadhani amelewa.

Hana hakuondoka kwa hasira. Alieleza kwa heshima kwamba anaimimina nafsi yake mbele za Bwana. Eli alijirekebisha, akambariki, bila hata kujua ni nini alichokuwa ameomba. Ndipo Hana akala, na uso wake haukuwa tena na huzuni. Angalia mpangilio: utulivu ulikuja katika fungu la 18, na mimba ilikuja katika fungu la 20. Alifarijiwa kabla hajapata.

Leo pia wapo ndugu wanaomshauri mume atafute mtoto nje, kana kwamba kiapo cha ndoa kilikuwa na masharti. Wapo wanaomwambia aliyepoteza mimba kwamba ilikuwa changa tu. Kwa mama, haikuwa mimba changa. Alikuwa mtoto aliyekwisha kumpa jina moyoni.

*Ni neno gani ulilowahi kumwambia mtu aliyefiwa na mimba, ambalo sasa ungelisema kwa namna nyingine?*

JUMATANO: Tope, Tini na Daktari

*Soma Yohana 9:6, 7 na Isaya 38:1–5, 21. Kwa nini Mungu alitumia tope na mkate wa tini wakati angeweza kuponya kwa neno tu?*

Hezekia aliomba, Mungu akasikia, na bado tini ziliwekwa juu ya jipu. Kipofu alikutana na Mwana wa Mungu, na bado alipakwa tope na kutumwa kwenda kunawa katika birika la Siloamu. Ellen G. White, katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu huduma ya uponyaji, anatumia mifano hiyo hiyo miwili kuonyesha kwamba anayeomba uponyaji haikani imani anapotumia tiba.

Basi mke na mume waende hospitali pamoja, tena mume asimtume mke peke yake kana kwamba tatizo ni la mmoja. Altrasaundi ya kawaida huweza isionyeshe umbo la mfuko vizuri, hivyo daktari bingwa wa uzazi huenda akaagiza kipimo kingine, kama MRI au eksirei ya kizazi. Si kila umbo huhitaji upasuaji. Mfuko wenye pembe mbili siku hizi hufanyiwa upasuaji kwa nadra. Ukuta wa katikati huweza kukatwa kwa kifaa kinachopitishwa njia ya uke, lakini jaribio dogo lililohusisha wanawake 80, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021, halikuonyesha kwamba waliokatwa walipata watoto wengi zaidi ya waliosubiri. Ni vema kumuuliza daktari faida na hatari kabla ya kukubali.

Mimba ikiingia, kliniki ianze mapema na daktari aambiwe umbo la mfuko. Hatari zinazojulikana ni mimba kutoka, mtoto kuzaliwa njiti, na mtoto kutanguliza matako. Daktari huweza kufuatilia urefu wa shingo ya kizazi, na kwa baadhi ya wanawake huishona. Dalili za uchungu zikija mapema mno, mama huweza kuchomwa sindano za kuyasaidia mapafu ya mtoto. Damu, maji kuvuja, maumivu makali ya tumbo, uchungu kabla ya wiki 37, au mtoto kupunguza kucheza, havisubiri ibada ya kesho. Ni safari ya hospitali saa ile ile.

Dawa za kusafisha kizazi haziwezi kuunganisha kile ambacho hakikuungana tangu mwanzo. Kukandwa tumbo ili mtoto ageuke kunaweza kumdhuru mama na mtoto.

*Kanisa lako linaweza kufanya nini ili nauli au gharama ya kipimo isimzuie mama?*

ALHAMISI: Mikono Ikibaki Mitupu

*Soma Mwanzo 25:20–26, 35:16–20, Luka 1:5–7 na Isaya 56:3–5. Kila habari iliishaje?*

Habari hizi haziishi kwa namna moja. Isaka alioa akiwa na miaka 40, akamwombea Rebeka, na mapacha walizaliwa yeye akiwa na miaka 60. Alingoja miaka 20. Raheli alipata alichokitamani, akafa njiani kuelekea Efrathi akimzaa wa pili. Elisabeti alizaa katika uzee. Lakini Luka, kabla hajasema kwamba hakuwa na mtoto, alisema kwanza kwamba yeye na Zakaria walikuwa wenye haki mbele za Mungu. Aliweka sifa yao mbele ili msomaji asijekosea.

Kuna waaminifu ambao Biblia haitaji mtoto wao hata mmoja. Kwa hiyo ni hatari kumwahidi mwanamke kwamba akifunga siku kadhaa atakumbatia mtoto mwakani. Asipompata, atadhani Mungu amemkataa, kumbe aliyetoa ahadi ile ni mwanadamu.

Ahadi ya Mungu ni pana zaidi. Katika Isaya anawaambia wale wasioweza kuzaa, waliojiona kama mti mkavu na wanaozishika Sabato zake, kwamba atawapa ndani ya nyumba yake jina lililo bora kuliko wana na binti, jina lisilofutika. Hawakaribishwi mlangoni tu. Wamepewa nafasi ndani ya kuta.

Baadhi watabeba mimba hadi mwisho. Wengine watalea mtoto waliyemwasili, na huyo ni mtoto wao kweli. Wengine watabaki wawili, mume na mke, nao ni familia kamili mbele za Bwana.

*Je, ibada za kanisa lako za kuwaombea akina mama humwacha wapi yule asiye na mtoto?*

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Yohana sura ya 9 yote. Majirani walibishana, Mafarisayo walimhoji kipofu mara mbili, wazazi waliogopa, na mwisho wakuu walimwambia kwamba alizaliwa katika dhambi tupu, wakamfukuza. Walirudia kosa lile lile ambalo Yesu alikuwa amelisahihisha. Yesu aliposikia amefukuzwa, alimtafuta hadi akampata.

Ellen G. White mwenyewe alizaa wana wanne na kuwazika wawili: Herbert, mchanga wa miezi mitatu hivi, mwaka 1860, na Henry, aliyekuwa na miaka 16, mwaka 1863. Aliendelea kuandika juu ya asubuhi ya ufufuo akiwa mama aliyesimama kando ya makaburi mawili.

Maswali ya Kujadili:

1. Mtu akisema darasani kwamba utasa daima ni matokeo ya dhambi, ungemjibuje kwa kutumia Yohana 9 na Luka 1:6, 7?

2. Eli alikosea, kisha akabariki. Viongozi wa kanisa wajifunze nini kwake wanapomkuta mtu akilia bila maneno?

3. Kuna tofauti gani kati ya kuomba kwa imani ili mtoto apatikane, na kumwahidi mtu jambo ambalo Mungu hakulisema?

4. Mama aliyepoteza mimba mara nyingi hapati msiba. Hakuna turubai, hakuna wageni, hakuna rambirambi. Darasa lako litafanya nini juma hili kwa ajili ya nyumba moja ya namna hiyo, na nani ataanza?