SOMO LA KIKUNDI: KUCHONGA NYUSI KAMA KAZI YA MAPATO



Tumezoea kuzungumza katika kurasa hizi juu ya kuku, mbuzi wa maziwa na daftari la mweka hazina. Leo somo ni nyusi. Tunajua wako wazee watakaouliza nyusi zinahusiana vipi na maendeleo. Basi na watembee Jumamosi moja katika mitaa ya Rhonda, Kaptembwa au Free Area hapa Nakuru, au Naivasha siku wafanyakazi wa mashamba ya maua wanapolipwa, wahesabu vibanda vya saluni na wanawake waliopanga foleni nje. Hiyo ni kazi. Haihitaji shamba, haihitaji stima, na msichana aliyeacha shule darasa la nane anaweza kuijua vizuri kuliko mwenye cheti. Lakini ni kazi inayofanywa juu ya jicho la mtu, tena na chombo kinachoweza kutoa damu. Ndiyo maana tumeona inastahili somo zima.

Tuanze na wembe, kwa sababu hapo ndipo penye hatari.

Katika vibanda vingi nyusi huchongwa kwa wembe. Ni haraka, dakika tano mteja ameondoka. Ubaya wake ni kwamba wembe mmoja hutumiwa kwa mteja wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita, ukipanguswa tu kwa pamba yenye spiriti. Mwenye kibanda atakwambia damu haikutoka. Damu ya kuambukiza si lazima uione. Mkwaruzo mdogo tu unatosha.

Kila mtu akisikia hivi anawaza UKIMWI, na ni haki, kwa maana ugonjwa huu uligunduliwa Kenya mwaka 1984 na ukatangazwa janga la taifa mwaka 1999, na wengi wetu tumezika. Lakini kwa upande wa wembe, ugonjwa wa kuogopa zaidi ni homa ya ini aina ya B. Virusi vyake ni vigumu kufa: hukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata katika tone la damu lililokauka. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa hii mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata chanjo hiyo.

Basi kanuni ni moja na haina mjadala: mteja mmoja, wembe mmoja. Tunajua jibu la kwanza litakuwa pesa, kwa hiyo tupige hesabu. Tuseme wembe ni shilingi 10 na unatoza shilingi 50. Ukitumia wembe mmoja kwa wateja watano umeokoa shilingi 40, bei ya mandazi machache. Sasa fanya hivi: panga bei iwe shilingi 60, na umpe mteja wembe ungali katika karatasi yake aufungue mwenyewe. Kikundi kimoja upande wa Subukia kilijaribu mtindo huu kwa wasiwasi, wakidhani watu watakimbilia kibanda jirani. Mambo yakawa kinyume. Akina mama walianza kuwaleta binti zao, kwa sababu waliona kwa macho yao kwamba wembe ni mpya. Mteja akikataa hiyo shilingi 10, mwache aende.

Wembe uliotumika usitupwe shambani wala kwenye takataka. Mtoto atakanyaga, ng'ombe atameza. Tafuta mkebe wa bati wenye kifuniko, toboa tundu dogo juu, uwe unadumbukiza hapo. Ukijaa, ufunge kabisa na uutupe katika choo cha shimo. Na ukijikata kwa wembe uliokwisha kutumika kwa mtu, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue kidonda, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo. Kuna dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zisipate nafasi, lakini ni lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita.

Vyombo vinavyorudiwa, yaani twiza na mkasi mdogo, huoshwa kwanza kwa sabuni na brashi. Uchafu ukibaki, dawa haifiki. Halafu chemsha ndani ya maji kwa dakika 20, ukihesabu tangu maji yaanze kutokota. Mahali makaa ni ghali, tumia Jik. Ile ya asilimia 3.5 huchanganywa kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji. Loweka dakika 10, kisha suuza vizuri. Usiache zaidi ya hapo, chuma kitashika kutu. Mchanganyiko wa jana umwagwe, hauna nguvu tena. Jik na spiriti ni za vyombo. Karibu na jicho tumia maji safi na sabuni laini tu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mwanafunzi mgeni huanza kunyoa kabla hajatazama. Mketishe mteja wima penye mwanga wa mchana, nywele zake zifungwe nyuma, naye atazame mbele. Usimpime akiwa amelala, kwa sababu ngozi ya uso huhama. Chukua kijiti kilichonyooka, au penseli, na uweke ncha yake pembeni mwa pua, pale tundu linapoishia. Kikisimama wima kupitia kona ya ndani ya jicho, hapo juu ndipo unyusi unapoanzia. Kiegemeze sasa kipite ukingo wa nje wa mboni: hapo ndipo unyusi unapopanda juu zaidi. Kiegemeze tena kipite kona ya nje ya jicho: hapo ndipo unapokwisha. Tia alama tatu ndogo kwa penseli ya nyusi, fanya hivyo hivyo upande wa pili, halafu rudi nyuma hatua mbili utazame. Nyusi za mtu hazilingani kamwe. Ni ndugu, si pacha. Kazi yako ni kuzikaribisha zifanane, na anayetaka zilingane kabisa atamaliza nywele zote za mteja akitafuta.

Ondoa nywele za chini ya mstari. Za juu gusa kwa nadra, zile tu zilizopotea njia kuelekea kipaji cha uso. Na uondoe pungufu ya unavyotamani, kwa sababu unaweza kupunguza tena wiki ijayo lakini huwezi kurudisha. Wanawake waliokuwa wasichana miaka ya 1990 wanalijua hili. Mtindo wa wakati ule ulikuwa unyusi mwembamba kama uzi; wengine waling'oa miaka na miaka mpaka shina likachoka, na leo wanachora kila asubuhi kwa penseli huku vijana wakitaka nyusi nene. Unyusi uliong'olewa huchukua kama majuma sita hadi nane kurudi, na ukichokozwa mara nyingi huenda usirudi. Ule ulionyolewa hurudi upesi zaidi. Wako wanaoamini kwamba kunyoa huongeza wingi wa nywele. Si kweli. Wembe hukata nywele ikabaki na ncha butu, ndiyo maana ukipitisha kidole unahisi miiba.

Njia tunayoipenda kwa vikundi ni uzi. Ni ufundi wa zamani sana huko India na Uajemi. Uzi ni wa pamba, ule wa kushonea, na kipande cha mteja mmoja hutupwa akiondoka, kwa hiyo shida ya wembe inakwisha. Gharama yake ni senti.

Kata uzi wa urefu wa sentimita 60 hivi, funga ncha zake upate mduara. Shika kwa mikono miwili kama watoto wanavyocheza na kamba, kisha zungusha mkono mmoja mara nane au kumi mpaka uzi ujisokote katikati. Ukipanua vidole vya mkono wa kulia, msokoto unakimbilia kushoto. Ukipanua vya kushoto unarudi kulia. Huo msokoto ndio unaonasa nywele na kuzing'oa. Mteja mwenyewe avute ngozi: mkono mmoja ushushe kope ya juu, mwingine uinue kipaji cha uso. Ngozi ikilegea, uzi utaikata. Paka poda kidogo ili ngozi iwe kavu, na uupeleke uzi kinyume na nywele zinavyolala. Kwa twiza ni tofauti: unang'oa unywele mmoja mmoja kuufuata upande ulikolala, ili usikatike katikati. Utawaona mafundi wengine wanashika ncha ya uzi kwa meno. Wana kasi sana, lakini mate juu ya uso wa mtu sisi hatuyakubali.

Ukimaliza, weka kitambaa safi chenye maji baridi dakika chache. Wengi huku kwetu, hasa upande wa Baringo, wanapaka shubiri, na inatuliza kweli, ila kwanza acha ule utomvu wa manjano udondoke wote, kwa maana unawasha. Tumia nyama ya ndani iliyo kama maji peke yake. Mwambie mteja asipake mafuta yenye marashi wala vipodozi mahali pale siku hiyo.

Kuna wanaotaka rangi. Hina ya kawaida, ile ya majani yaliyosagwa, hutoa rangi ya kahawia yenye wekundu. Ukiuziwa hina inayogeuka nyeusi tii kwa muda mfupi, jua imetiwa rangi ya nywele, na dawa iliyomo huwababua watu wengine mpaka macho yakavimba yakafunga. Jaribu tone nyuma ya sikio na usubiri siku mbili kabla ya kumpaka mtu usoni. Wanja wa unga usio na karatasi ya mtengenezaji pia tuuogope. Baadhi umepatikana na madini ya risasi, ambayo ni sumu, zaidi kwa watoto na waja wazito.

Wako wa kuwarudisha nyumbani: mwenye macho mekundu yanayotoa uchafu, mwenye jipu au kidonda karibu na jicho, na msichana mdogo aliyekuja bila mzazi kujua. Mwenye ugonjwa wa sukari ahudumiwe kwa uangalifu maalum, kidonda chake hakiponi haraka. Wengi wa dada zetu Waislamu wamefundishwa kwamba kung'oa nyusi hakufai, na wapo Wakristo wenye msimamo kama huo. Usimshawishi mtu kwa sababu ya shilingi.

Jambo moja hatukulisikia likifundishwa popote, nalo tunaliona kubwa. Fundi wa nyusi hutazama nyuso kwa karibu kuliko daktari, tena kila mwezi. Mteja ambaye nyusi zake zinapukutika zenyewe upande wa nje, huku akilalamika kwamba anachoka, anasikia baridi na ananenepa, huenda tezi la shingo halifanyi kazi sawasawa. Nyusi zinazopotea pamoja na mabaka ya ngozi yasiyohisi kitu zinaweza kuwa dalili ya ukoma, ambao haujaisha kabisa na ambao hutibiwa kwa dawa ukapona. Usimtangazie mtu ugonjwa, wewe si daktari. Mwambie kwa sauti ya chini: "Mama, hizi nyusi zimebadilika tangu mwezi uliopita, hebu zipeleke zahanati zikaonwe." Na mama anayetibiwa saratani, ambaye dawa zimemwondolea nyusi zote, akija kuchorewa kwa penseli kwa kutumia zile alama tatu, mpe kiti cha faragha na usiwe na haraka.

Kuhusu mtaji, anayeanza na uzi anahitaji kiti, kioo, poda, beseni, sabuni na taulo kadhaa, vitu ambavyo mzunguko mmoja wa meri-go-raundi unaweza kuvinunua. Tunashauri kikundi kimfundishe mmoja au wawili kwanza, si wote, maana wanachama ishirini wakifungua vibanda katika soko moja watakula njaa pamoja. Atakayetaka cheti anaweza kujiandaa kwa mtihani wa ufundi wa serikali unaosimamiwa na NITA, ambao huanza na daraja la tatu na kupanda mpaka la kwanza. Cheti hicho hupimwa kwa kazi ya mikono, kwa hiyo kukosa kidato cha nne kusikutishe. Atakayefungua kibanda ni lazima achukue leseni ya biashara ya kaunti. Anayezunguka nyumba kwa nyumba kabla ya harusi aulize ofisi ya wadi mapema, kuliko kukimbizana na askari.

ZOEZI LA MKUTANO UJAO

Kila mwanachama aje na kibunda cha uzi mweupe wa pamba na penseli iliyonyooka. Hakuna atakayegusa uso wa mtu siku hiyo. Tutapimana zile alama tatu wawili wawili, kisha kila mmoja atajaribu msokoto juu ya mguu wake mwenyewe, kwenye mundi, mpaka nywele zitoke bila ngozi kukatika. Wanaume wasikae nje; wana miguu yenye nywele nyingi zaidi na tutaihitaji. Baada ya hapo mjadiliane: katika soko letu, ni nani anayetumia wembe mmoja kwa watu wengi, na ni nani kati yetu atakayekwenda kuzungumza naye kwa heshima, bila kumharibia kazi?