Mwezi Mpevu na Wapagani wa Uingereza

Sisi wanafunzi wa shule za misheni tumezoea kulisikia neno "mpagani" kama tusi. Lakini katika hesabu ya watu ya mwaka 2021 huko Uingereza na Wales, watu wapatao 74,000 walijiandikisha wenyewe kuwa Wapagani, na wengine wapatao 13,000 walijitaja kuwa wa dini iitwayo Wicca. Hao wa Wicca hukutana mwezi unapokuwa mpevu, na mkutano huo huitwa esbati. Husimama katika duara, kuhani wa kike huombewa ashukiwe na mungu wa kike, kisha hushiriki keki na divai. Kushukiwa huko wao hukuita "kuuteremsha mwezi".

Nataka tuupime umri wa desturi hii, maana katika mijadala yetu haikosekani hoja kwamba jambo fulani ni la kale, basi ni la kweli. Anayetaka kushinda kwa ukale na auonyeshe kwanza huo ukale.

Kuuteremsha mwezi ni maneno ya kale kweli. Wayunani walisimuliana kwamba wanawake wachawi wa Thessaly waweza kuushusha mwezi kutoka mbinguni. Aristophanes aliufanyia mzaha uvumi huo katika mchezo wake wa mwaka 423 kabla ya Kristo. Mzee mmoja ameelemewa na madeni, na riba hudaiwa kila mwezi mpya uandamapo. Basi anapata shauri: atamnunua mchawi wa Thessaly, aushushe mwezi usiku, naye aufungie sandukuni. Mwezi usipoandama, riba hailipwi! (Naona mzaha huu wakaa vizuri zaidi katika Kiswahili kuliko Kiingereza, kwa kuwa mwezi wa mbinguni na mwezi wa kalenda kwetu ni neno moja.)

Lakini mkutano wenyewe je? Agizo la kukusanyika mwezi mpevu limo katika kitabu cha Charles Leland cha mwaka 1899, kihusucho Italia. Neno esbati lilienezwa na Margaret Murray mwaka 1921, akidai kwamba wachawi walioshtakiwa Ulaya zamani walikuwa wafuasi wa dini moja ya kale. Wanahistoria wameikataa hoja hiyo. Mwaka 1951 Bunge la Uingereza lilifuta Sheria ya Uchawi ya 1735, na mwaka 1954 Gerald Gardner, ofisa wa forodha mstaafu aliyefanya kazi Malaya, akatoa kitabu akisema dini hiyo ingali hai. Ronald Hutton aliyachambua yote hayo mwaka 1999, na Wapagani wengi wa leo wakubali kwamba ibada yao ni ya karne ya 20. Uzi ni wa kale, nguo imefumwa juzi.

Tena usiku huo una faida isiyohitaji mungu yeyote. Mwezi mpevu huchomoza jua likizama, hutua karibu na mapambazuko. Njia ina nuru usiku kucha. Katika karne ya 18 huko Birmingham, Matthew Boulton, James Watt wa mashine ya mvuke na wenzao wapenda sayansi walikutana karibu na mwezi mpevu, wapate kuona njia ya kurudi nyumbani. Walijitania kuwa wenda wazimu, kwani Kiingereza humwita mwenda wazimu kwa neno litokalo katika luna, yaani mwezi kwa Kilatini. Hata imani hiyo ya wazimu imepimwa: mwaka 1985 James Rotton na Ivan Kelly walikusanya tafiti 37, wasione uhusiano wa maana.

Mwenzangu, wa darasani au wa zamani, mwenye ushahidi wa esbati iliyo ya kale kuliko hapo, na aulete katika toleo lijalo.