Mtoto Akisumbuka Kunyonya: Mwongozo kwa Wazazi wa Eastlands

Katika ploti za Kayole, Dandora au Mukuru, mtoto mchanga akilia usiku kucha, majirani hawakosi la kusema: maziwa ya mama ni mepesi, hayamshibishi. Asubuhi mtu hutumwa dukani kununua maziwa ya kopo, au mtoto huonjeshwa uji. Utafiti wa mitaa ya Korogocho na Viwandani uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa takriban asilimia 2 pekee ya watoto walinyonyeshwa maziwa ya mama tupu kwa miezi 6, muda unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Akina mama wengi wanaodhani maziwa yamekwisha wanayo ya kutosha. Kinachohitaji kurekebishwa mara nyingi ni namna mtoto anavyolishika ziwa, na marekebisho hayo hayana bei.

Anavyolishika ziwa

Keti mgongo ukiwa umeegemea. Mgeuze mtoto tumbo lake liguse lako, kichwa na mwili vikiwa katika mstari mmoja. Mlete mtoto kwenye ziwa, usijikunje kumfuata. Gusisha chuchu kwenye mdomo wake wa juu, ungoje afungue kinywa wazi kabisa. Akishika vizuri, kidevu hugusa ziwa, mdomo wa chini hupinduka nje, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu huingia kinywani.

Ukihisi maumivu yasiyopungua, ingiza kidole safi pembeni mwa kinywa chake, umwachishe, uanze upya. Chuchu hupasuka hasa kwa sababu mtoto ananyonya ncha tu. Mafuta ya kupaka hayatasaidia kama kosa hilo linaendelea. Mwache amalize ziwa moja kabla ya kumpa la pili, kwani maziwa ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi.

Je, anashiba?

Kilio peke yake si kipimo. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 mchana na usiku. Kuanzia siku ya tano, akilowesha nepi 6 au zaidi kwa siku, anapata maziwa. Ni kawaida kupungua uzani kidogo siku za kwanza, lakini kufikia wiki 2 anapaswa kuwa ameurudia uzani wa kuzaliwa. Kitabu cha kliniki kitakuonyesha.

Ziwa hutengeneza maziwa kadiri linavyonyonywa. Kila chupa ya kopo inayochukua nafasi ya ziwa huyapunguza.

Matatizo ya kawaida

Matiti yakijaa na kuwa magumu, kamua kidogo kwa mkono ili mtoto apate pa kushika. Yakiwa mekundu na una homa, nenda kliniki, lakini usiache kunyonyesha. Utando mweupe usiofutika kinywani mwa mtoto unahitaji dawa kwa mama na mtoto pamoja. Anayesinzia kila anapowekwa kwenye ziwa, mvue nguo nzito umlaze kifuani, ngozi kwa ngozi. Mwenye mdomo sungura au ulimi uliofungwa aonwe na daktari mapema.

Mama anayeishi na virusi vya Ukimwi anaweza kunyonyesha, mradi anatumia dawa zake bila kukosa na kufuata ushauri wa kliniki. Kwa watoto wachanga dhaifu wasioweza kupata maziwa ya mama zao, Hospitali ya Uzazi ya Pumwani ilifungua benki ya maziwa ya mama mwaka 2019.

Mama akirudi kazini

Sheria ya Ajira inampa mama likizo ya miezi 3 yenye malipo, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea. Lakini anayefua nguo za watu au kufanya kibarua Industrial Area hurudi kazini mapema. Njia yake ni kukamua. Nawa mikono, kamulia ndani ya chombo safi chenye kifuniko. Maziwa hayo hukaa nje kwa muda wa saa 4, na kwenye friji hadi siku 4. Yapashe kwa kutumbukiza chombo katika maji moto, si kwenye jiko.

Mlezi amnyweshe mtoto maziwa hayo kwa kikombe. Chupa na chuchu yake huficha masalio ya maziwa, na panaponunuliwa maji kwa jerikeni ni vigumu kuichemsha kila mara. Kikombe huoshwa kwa sabuni kikatakata. Mkalishe mtoto wima, gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, umwache alambe mwenyewe. Usimmiminie.

Ikilazimu kutumia chupa, mpakate mtoto akiwa ameinuka, ulaze chupa, na umpumzishe kila baada ya muda. Usiiegemeze chupa kwenye mto ukamwacha, anaweza kupaliwa. Usipanue tundu la chuchu ya chupa kwa pini. Maziwa ya unga yakorogwe kwa maji yaliyochemka na kupoa kwa muda usiozidi dakika 30, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Ukizidisha maji ili kopo lidumu, mtoto atakonda. Atakayobakiza, yamwage. Na ujue kuwa sheria ya mwaka 2012 inapiga marufuku kutangaza maziwa ya kopo na chupa za watoto, hata kupitia kwa wahudumu wa afya.

Usingoje kupambazuke

Kimbilia hospitali mtoto akikataa kabisa kunyonya, akilegea, akiwa na homa au baridi isiyo ya kawaida, akipumua kwa shida, akipata degedege, utosi ukibonyea, au macho yakigeuka manjano. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki na ya Pumwani zinahudumia wakazi wa Eastlands.

Kwa shida nyingine, kabla ya kununua kopo, mwombe muuguzi wa kliniki aketi akutazame ukinyonyesha kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hiyo ni haki yako, na baba au nyanya aandamane nawe asikie ushauri ule ule.