Siku ya Kupumzika Kilema, Katikati ya Safari ya Kaskazini

Ukitoka Serengeti na Ngorongoro, mwili bado unatikisika hata ukiwa umeketi. Usiunganishe basi la Dar siku hiyo hiyo. Weka siku moja katikati, uende Kilema, Uchagani, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Nikisafiri na familia yangu naipanga siku hiyo kabla ya zote, na siiwekei ratiba.

Lala Moshi mjini, uamke mapema, kwa sababu mawingu hayachelewi kuufunika mlima. Stendi ulizia daladala au Noah ya Kilema, ukae dirisha la kushoto. Kwenye barabara ya Himo, kilele cha Kibo kiko upande huo mpaka gari likate kona kuanza kupanda. Vaa viatu vinavyoshika. Masika njia za udongo huteleza vibaya.

Anzia misheni. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliifungua miaka ya mwanzo ya 1890, na kahawa ya Uchagani ilianzia kwenye mashamba yao. Kabla yao, mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipita Kilema kwa mtawala wake, Mangi Masaki. Taarifa yake kwamba mlima huu una theluji ilipingwa vikali na wasomi wa Ulaya. Kaa hapo misheni, watoto wacheze.

Kisha shuka polepole kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, ukifuata mfongo, mfereji wa kumwagilia, maji yakipita chini ya migomba. Njia nyingi zinakatiza uani kwa watu, kwa hiyo piga hodi na umwamkie kila mkubwa: shikamoo bibi, shikamoo babu. Ukikuta msimu wa kuvuna, omba kutazama wakimenya kahawa. Tunda jekundu linaingia juu ya mashine ya mkono, ganda linatupwa huku, punje mbili zinatoka kule zikiwa na utelezi kama sabuni. Mwombe mwenyeji akuachie uzungushe mpini. Mtoto wangu aligoma kuondoka hapo, nami sikumkimbiza.

Mchana kula mtori wa moto. Ukikaribishwa mbege, pombe ya ndizi, pokea kata kwa mikono miwili. Kama hunywi, shukuru tu, hakuna atakayekununia. Kwangu mimi, anayepita Moshi akaishia hotelini hajafika Uchagani, hata kama amepanda mpaka mita 5,895.

Gari za kurudi hupungua jioni. Mwulize konda saa ya gari la mwisho asubuhi ile ile, kabla hujashuka.