Misri: Teremka na Nile, Pumzika Baharini

Vifurushi vingi vya safari ya Misri hupangwa kinyumenyume: wiki nzima ufukweni Hurghada, halafu siku moja ya kukimbizwa kwa basi hadi Luxor, saa nne kwenda na saa nne kurudi. Mgeni anayefika hivyo hupita mbele ya mahekalu ya miaka elfu tatu huku kiongozi akitazama saa. Ukiwa na siku kumi, geuza mpango huo. Anza Kairo, nenda moja kwa moja hadi Aswan kusini, teremka na mto mpaka Luxor, kisha vuka jangwa uende baharini. Kwa njia hii hurudii barabara uliyopita, na bahari unaifikia wakati miguu inaihitaji kweli.

Kabla ya kuondoka

Miezi mizuri ni Oktoba hadi Aprili. Kati ya Juni na Agosti joto la Luxor na Aswan hupita nyuzi 40, na penye makaburi ya wafalme kivuli ni haba. Masharti ya viza hutegemea pasipoti unayobeba, hivyo uliza ubalozini kabla ya kulipia tiketi ya ndege. Pasipoti iwe imebakiza angalau miezi sita, na usisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Wanaotoka ukanda wetu wa Afrika Mashariki huombwa.

Beba kadi ya benki, kwani vivutio vingi vikubwa siku hizi havipokei fedha taslimu mlangoni. Lakini uwe pia na noti ndogondogo za paundi ya Misri kwa ajili ya bakshishi: mbeba mizigo, mhudumu wa choo na nahodha wa mashua wote huitarajia. Ukisafiri Ramadhani, jua kwamba vivutio hufungwa mapema, na ni adabu kutokula wala kunywa hadharani mchana.

Kairo: siku tatu

Fika Giza asubuhi milango inapofunguliwa. Piramidi ya Khufu ilijengwa zaidi ya miaka 4,500 iliyopita ikiwa na kimo cha mita 146 hivi. Kuingia ndani kuna tiketi ya peke yake, na njia ni nyembamba, ya kupanda, yenye joto. Mwenye magoti mabovu aipitie mbali bila majuto. Ukitaka kupanda ngamia, patana bei kabla hujapanda, na uhakikishe bei hiyo ni ya kwenda, kurudi na kushuka.

Jirani na piramidi kuna Jumba Kuu la Makumbusho ya Misri, lililofunguliwa rasmi Novemba 2025. Humo vimekusanywa vitu vya kaburi la Tutankhamun, zaidi ya 5,000. Litengee nusu siku nzima.

Siku ya pili nenda Saqqara, kusini mwa jiji. Piramidi ya ngazi ya Djoser, ambayo kwa desturi huhesabiwa kuwa kazi ya msanifu Imhotep, ni kongwe kuliko zile za Giza, na watu huwa wachache. Siku ya tatu iache kwa Kairo ya Kiislamu na ya Wakristo wa Kikopti: Msikiti wa Amr ibn al-As, ulioasisiwa mwaka 642 na wa kwanza kujengwa Misri; makanisa ya kale yaliyo karibu nao; kisha Al-Azhar, ambako masheikh wengi wa Afrika Mashariki wamesoma. Soko la Khan el-Khalili liko ng'ambo ya barabara. Njaa ikikushika, agiza koshari, mchanganyiko wa wali, dengu, tambi na njegere kubwa, pamoja na rojo ya nyanya na vitunguu vya kukaanga. Ni chakula cha bei nafuu kinachoshibisha hadi jioni.

Aswan: siku mbili

Panda treni ya usiku au ndege ya ndani. Aswan ndipo Nile inapopendeza zaidi, ikipita kati ya miamba na visiwa. Kodi feluka, mashua ya tanga, muda mfupi kabla ya jua kuzama. Maji yanayokubeba yametoka Ethiopia na Jinja. Mtu wa Kisumu, Mwanza au Entebbe hapa yuko juu ya maji aliyoyaacha nyumbani.

Hekalu la Philae liko kisiwani na hufikiwa kwa boti. Hekalu la Abu Simbel liko mbali, takriban kilomita 280 kusini, na magari huondoka alfajiri, jua halijachomoza. Nenda. Ramesses II alichongesha mwambani sanamu nne zake mwenyewe, kila moja kama mita 20. Bwawa Kuu la Aswan lilipotishia kulizamisha hekalu hilo, lilikatwa vipande na kuhamishiwa juu zaidi kati ya 1964 na 1968. Ukiwa ndani, tafuta maungio ya mawe uone ustadi wa mafundi waliolipanga upya.

Kutoka Aswan, meli za watalii huteremka hadi Luxor zikitia nanga Kom Ombo na Edfu. Mwenye haraka apande treni, kama saa tatu tu.

Luxor: siku tatu

Usikubali kupunguziwa hapa. Ukingo wa mashariki kuna Karnak, yenye ukumbi wa nguzo 134, ambazo kubwa zake hazikumbatiki na watu watano. Hekalu la Luxor lione usiku, taa zikiwa zimewashwa.

Ukingo wa magharibi, wahi Bonde la Wafalme saa kumi na mbili asubuhi. Tiketi ya kawaida hukuruhusu kuingia makaburi matatu. La Tutankhamun na la Seti I yanalipiwa zaidi. Halafu nenda hekalu la Hatshepsut. Ukutani wamechorwa mabaharia wake wakirudi kutoka nchi ya Punt, ambayo wasomi wengi huiweka upande wa Pembe ya Afrika, wakiwa na ubani na miche ya manemane ndani ya vikapu. Chini ya jahazi wamechongwa samaki, na wengine ni wa Bahari ya Shamu. Mwafrika Mashariki asiondoke Luxor bila kuuona ukuta huo.

Bahari ya Shamu: siku mbili

Hurghada ndiyo karibu zaidi, na ina ndege za kukurudisha Kairo. Anayetafuta utulivu, kasa na pengine nguva ateremke Marsa Alam. Sharm el-Sheikh, penye hifadhi ya Ras Muhammad, iko Sinai. Hiyo ipangie safari nyingine.

Anayetoka Zanzibar au Diani atashangaa kidogo: hapa maji hayatoki sana, hivyo unaogelea saa yoyote bila kuulizia bamvua. Vaa viatu vya majini, usikanyage matumbawe, na Desemba hadi Februari beba sweta kwa sababu ya upepo wa jioni.

Ukibanwa na likizo, punguza siku za ufukweni, siyo za Luxor. Fukwe nzuri tunazo kuanzia Lamu hadi Mtwara. Karnak ni moja tu duniani.