UJI MCHACHU: PROTEINI ZINAKATWA, HAZIONGEZWI

Wazazi wengi katika makambi wanasema: "Mtoto wangu anakunywa uji mchachu kila siku, hawezi kukosa nguvu." Neno hilo ni kweli nusu. Tuanze na nusu iliyo kweli.

Ukiloweka unga wa mahindi au wa mtama katika maji safi siku moja au mbili, mikrobe fulani zinaamka. Si mikrobe zote ni adui. Hizi zinakula sukari ya unga na kutoa asidi, na asidi hiyo inazuia nyingi kati ya mikrobe za kuhara. Lakini ili zikue zinahitaji proteini pia. Proteini ni kama mnyororo mrefu wenye pete nyingi, na kila pete inaitwa asidi amine. Mnyororo huo unakatwa na enzimu, ndiyo mikasi midogo isiyoonekana kwa macho. Mikasi mingine inatoka kwa mikrobe, mingine ilikuwa ndani ya nafaka tangu shambani, na ule uchachu unaiamsha. Basi tumbo la mtoto linapokea vipande vilivyokwisha kukatwa.

Kwa mtama faida ni kubwa zaidi. Proteini za mtama zikipikwa zinashikamana na kuwa ngumu kwa tumbo. Kuchachusha kabla ya kupika kunapunguza ugumu huo. Mama, chachusha kwanza, kisha pika.

Na munkoyo? Mizizi ile tunayotia inakata hasa wanga, ndiyo sababu uji mzito unageuka maji. Ni kinywaji kizuri kwa mtu mzima aliyetoka kazini. Mtoto mdogo lakini anajaza tumbo maji kabla ya kupata chakula cha kutosha.

Sasa ile nusu nyingine. Kukata mnyororo si kuongeza pete. Gramu 100 za unga wa mahindi zina proteini gramu 8 au 9 tu, na pete mbili ni chache mno: lizini na triptofani. Mikrobe zinaweza kuongeza kidogo, lakini haitoshi kwa mtoto anayekua.

Mwaka 1933, daktari Cicely Williams, mwanamke aliyezaliwa Jamaica, aliandika juu ya watoto wa Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo. Walikuwa wamevimba miguu na mikono, ngozi inabanduka, wengi wanakufa. Chakula chao baada ya kuachishwa ziwa? Uji na kenkey, vyote vya mahindi yaliyochachushwa! Mwaka 1935 alitangaza jina la ugonjwa kwa lugha ya kule: kwashiorkor. Kwetu Kivu watu wanauita bwaki. Leo waganga wanajua kwamba kuhara na maradhi mengine vinasaidia kuuleta, lakini mtoto anayelishwa nafaka peke yake yumo hatarini.

Kwa hiyo tia ndani ya uji kile ambacho mahindi hayana. Maharagi makavu yana proteini zaidi ya gramu 20 kwa gramu 100, na lizini nyingi: yapike mpaka yalainike, yaponde, changanya. Ndakala wakavu waliotwangwa ni bora tena, kijiko kwa sahani ya mtoto. Karanga zinaleta mafuta na proteini, ila lizini yake ni kidogo, zisibaki peke yake.

Mahindi yenye ukungu yatupwe. Usifikiri kwamba uchachu au moto utaondoa sumu yake yote.

Na neno moja kwa baba anayeleta vyombo nyumbani: usichachushe kitu katika ndoo ya zinki, kwa maana asidi inayeyusha zinki na watu wanatapika. Pipa lililobeba mafuta ya mashine au dawa za kiwandani halifai hata likioshwa mara kumi. Chungu, sufuria ya emaye isiyopasuka, au ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa chakula, yenye kifuniko.