Mas-ala ya Hima katika Bahari ya Misali

Ama baada ya kumshukuru Mola: jua, ewe ndugu, ya kuwa nakaa Itigi, penye reli na vichaka vikavu, lakini nimeulizwa jambo la pwani. Je, yajuzu kumzuia mvuvi sehemu ya bahari?

Misali ni kisiwa cha magharibi ya Pemba, pahali pa dago. Wazee husimulia ya kuwa Nabii Khidhri alikifanya mfano wa msala wake. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, matumbawe mengi yakafa. Na pasipo tumbawe hai samaki hana maskani. Mwaka huo huo kisiwa kilitiwa katika hifadhi, sehemu ikafungwa.

Hii si bidaa. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliweka hima huko Naqii kwa farasi wa Waislamu. Nasi twaikisi bahari kwa malisho. Lakini Mashafii wameshurutisha iwe kwa maslahi ya wote, wala isiwadhiki watu. Afungaye mwamba kisha akamruhusu jamaa yake kuvua, amedhulumu. Na wenye dago waulizwe kabla ya kuwekwa mpaka, kwani wao ndio wajuao bamvua na maji mafu, na pahali samaki watagapo.